Mheshimiwa, Tunaomba Utukatalie

Nchi yenyewe siitaji jina, si kwa sababu naogopa, bali kwa sababu tunayo Wizara ya Majina, na kibali cha kutaja jina la nchi hutolewa siku za kazi tu. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mito, ina milima, na ina mawaziri wengi kuliko mito na milima ikijumlishwa. Sisi wananchi wake ni watu wa amani. Tukidhulumiwa tunapiga makofi, na tukitendewa haki tunapiga makofi vilevile, asije mtu akasema tunabagua.

Katika nchi hiyo upo mji mdogo wa wakulima wa mpunga uitwao Lukwamba, na ndani ya mji huo aliishi Egidi Kihwaga, diwani na mwenyekiti wa Kamati ya Viwanja na Majengo. Alikuwa mtu mnene kiasi, mpole, mwenye sauti nzuri ya kusomea taarifa. Kazi ya kamati yake ilikuwa kuamua nani ajenge nini na wapi. Sheria ilisema hivyo waziwazi. Sheria hiyohiyo, kifungu kilichofuata, ilisema kwamba Waziri wa Ardhi na Masahihisho anaweza kutengua uamuzi wowote wa kamati, wakati wowote, kwa sababu yoyote au bila sababu, ilimradi iwe kwa maslahi mapana ya umma. Upana wenyewe aliupima yeye.

Waziri wa wakati huo, Mheshimiwa Dakta Zefania Ngwilizo, alikipenda sana kifungu hicho cha pili. Kamati ilipokubali choo cha soko kijengwe, alifika na msafara wake akakizuia, kwa kuwa mlango ungetazama barabara anayopita yeye. Kamati ilipokataa ghala la mbolea lisijengwe ubavuni mwa zahanati, alirudi akaliruhusu, akasema mwekezaji alimpigia simu huku analia, na yeye si mtu wa kuvumilia machozi ya mwekezaji. Neno lake lilikuwa moja tu, "Natengua," na alilitamka taratibu, fimbo ikiwa juu, kamera zikiwa tayari. Nasi tulipasuka kwa vigelegele, hata pale kilichotenguliwa kilipokuwa choo chetu wenyewe.

Kila mara Egidi alisimamishwa mbele ya umati aeleze alikuwa anafikiria nini. Mara ya kwanza alijaribu kweli kueleza. Alifika kwenye neno "kitaalamu" waziri akamnyang'anya kipaza sauti, akauliza umati kama wao huwa wanakula utaalamu. Umati ukajibu kwamba hauli. Mkewe, Mama Koleta, alikuwepo siku hiyo, na jioni alimpakulia nyama nyingi kuliko kawaida. Hilo lilimuuma Egidi kuliko maneno yote ya waziri.

*

Ukombozi wa kamati uliletwa na chai. Siku hiyo wajumbe walikuwa wanajadili wodi ya wazazi, na wote waliitaka. Sasa, wakati uleule Egidi anauliza nani anapinga wodi isijengwe, mama wa chai alichungulia mlangoni akauliza nani anataka yenye tangawizi. Mikono yote ikanyooka. Katibu wa baraza, Bwana Sudi Mtengela, aliyezijua kanuni kuliko alivyowajua wanawe, akaandika kwamba wodi imekataliwa kwa kauli moja. Wajumbe walipolalamika, aliwaambia kanuni zinaeleza jinsi ya kuinua mkono, lakini hazisemi popote jinsi ya kuushusha.

Kabla wiki haijaisha, Ngwilizo alikuwa Lukwamba. Alisema katika maisha yake hajakutana na ukatili wa namna hiyo, akawauliza wajumbe kama walizaliwa na mama au walinunuliwa dukani. Akatengua. Kesho yake matofali yakaanza kushushwa, na wodi ikasimama kabla ya mvua za kwanza. Redio ilimwita Egidi adui wa akina mama asubuhi, mchana na jioni, naye akalala usingizi mzito kama mtu aliyeshiba.

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyelisema kwa sauti, lakini tangu hapo kamati ikawa na vikao viwili. Kikao cha ndani kilifanyika nyuma ya ukumbi, kwenye banda la mama wa chai, na huko waligombana kwa akili zao zote mpaka wapatane mji unahitaji nini. Kikao cha nje kilifanyika ukumbini, Bwana Sudi akiandika, na humo waliamua kinyume chake kwa nyuso za huzuni. Choo cha soko walikikataa kwa hoja kwamba haja ni jambo la faragha na serikali haipaswi kujiingiza. Daraja la shule walilikataa kwa kuwa lingewazoesha watoto tabia ya kwenda ng'ambo. Ngwilizo alikuja, akanguruma, akatengua. Choo kikajengwa, na daraja likajengwa.

Watu wa Lukwamba si wajinga, ingawa tunajitahidi. Haikuchukua muda, asubuhi zote mlango wa Egidi ulikuwa na wageni wanaosubiri kwenye benchi, na ombi lao lilikuwa moja.

"Mheshimiwa, tunaomba utukatalie."

Mjane aliyetaka kibali cha kibanda cha cherehani alimletea jogoo kumshukuru kwa jinsi alivyomkaripia mbele za watu. Mzee mmoja wa mashine ya kukoboa mpunga alirudi kulalamika kwamba yeye amekataliwa kwa upole mno, na waziri hawezi kuhangaika kusafiri kwa ajili ya ukatili mdogo kama ule. Egidi alimwomba radhi, akamwahidi kikao kijacho atamkatalia kwa matusi.

Ni hapo kichwa kilipoanza kumvimba. Alijizoeza mbele ya kioo namna ya kuinamisha uso anapokaripiwa, asizidishe wala asipunguze. Alishonesha shati la kukaripiwa, rangi ya majivu, lisilong'aa kwenye kamera. Alipoketi barazani kwake alijisemea kwamba viongozi wengine wanatumwa na waziri, lakini yeye ndiye anayemtuma waziri, na waziri mwenyewe hajui. Wakati mwingine alicheka peke yake, akijiona ndiye mwenyekiti wa kwanza duniani kuleta maendeleo kwa kukosea.

*

Katikati ya mji wetu kuna uwanja unaoitwa Kianikio. Ni ardhi ngumu, imefagiliwa na kukanyagwa na vizazi mpaka ikawa sakafu, na hapo ndipo Lukwamba yote huanika mpunga ukitoka shambani. Wakati wa mavuno hupiti hapo kwa viatu. Kila familia ina pande lake, halina alama wala hati, lakini jaribu kumwaga mpunga wako kwenye pande la mwenzako uone. Mama Koleta alikuwa na pande upande wa mashariki, alilolirithi kwa mama yake. Wakati Egidi yuko kwenye vikao, ni mpunga uliokauka pale uliomsomesha Koleta na wadogo zake, na Egidi alilijua hilo, ingawa katika hotuba alisema ni yeye.

Ndipo ikaja kampuni ya Wawekezaji Wenye Nia Njema. Waliomba kujenga Kianikioni jengo la ghorofa saba la kuegesha magari. Lukwamba ilikuwa na baiskeli nyingi, pikipiki kadhaa, trekta moja bovu, na gari la mkurugenzi ambalo mara nyingi liko gereji. Wawekezaji walieleza kwamba magari yakiona pa kuegesha yatakuja yenyewe.

Kikao cha ndani hakijapata kuwa kifupi vile. Chai ilikuwa haijamiminwa wakati wajumbe wote wamekwisha sema kwamba jengo hilo halijengwi, liwe la ghorofa saba au la ghorofa sifuri. Kwa hiyo, kwa mujibu wa utaratibu, ilibidi katika kikao cha nje likubaliwe kwa shangwe.

Jioni yake Mama Koleta alimkuta mumewe barazani anaandika shangwe hizo. Alikaa kwenye mkeka, akaanza kupepeta mchele wa kesho, kisha akamuuliza kama ni kweli kesho wanaamua habari ya Kianikio. Egidi akamjibu asiwe na wasiwasi, wanaukubali mradi kwa moyo wote. Ungo ukasimama.

"Baba Koleta, si umesema hamuutaki?"

"Hatuutaki. Ndiyo maana tunaukubali."

"Na kusema tu kwamba hamuutaki kunawashinda nini?"

Egidi akacheka kwa upendo, kama anavyocheka mtu akiulizwa jambo la darasani na mtu asiyefika darasa hilo. Akamweleza siasa ni nini, akamkumbusha wodi, choo na daraja. Wakisema hapana, Ngwilizo atakuja kusema ndiyo, na tingatinga litaingia siku hiyohiyo. Mama Koleta alisikiliza yote, akapuliza makapi. Akasema yeye mtoto akimwomba kisu humwambia hapana, hamwambii chukua halafu akangoja jirani aje akinyang'anye. Egidi alimwambia hiyo ni mifano ya jikoni. Lakini usiku huo hakulala vizuri kama alivyozoea.

Kesho yake kamati iliupitisha mradi kwa shangwe, na wajumbe wawili walitoa machozi ya furaha kama walivyopangiwa.

*

Sasa Mungu akitaka kuwaadhibu watu kama sisi, hubadilisha baraza la mawaziri. Wiki ileile Ngwilizo alihamishiwa Wizara ya Hali ya Hewa, ambako siku ya kwanza tu alitengua mvua iliyotabiriwa kanda ya magharibi. Ardhi na Masahihisho akapewa mwanamama mmoja ambaye hatukumjua, Mheshimiwa Hosiana Lwandala. Alitangaza redioni kwamba zama za kutengua zimekwisha. Kuanzia sasa, alisema, uamuzi wa wananchi wa mahali utaheshimiwa hata kama waziri haupendi.

Bwana Sudi, ambaye kanuni zilimfanya awe mtu wa kuamini maandishi na matangazo, alimfuata Egidi akamshauri kamati ikae upya na kuukataa mradi mapema. Egidi alimwonea huruma. Tangu apate akili zake alikwisha wasikia mawaziri wakiahidi maji, umeme, reli na unyenyekevu, na hakuna hata mmoja aliyetimiza. Leo huyu ndiye aanze? Alieleza kwamba waziri mgeni huanza kwa upole ili akija kunguruma ngurumo isikike vizuri. Wajumbe wote walikubaliana naye. Tumefundishwa kwa miaka mingi kutomwamini waziri, na somo hilo tulikuwa tumelifaulu vizuri sana.

Siku ya ziara ya waziri huyo mpya, jukwaa lilijengwa Kianikioni. Mgambo waliamuru mpunga wote uondolewe, na watu wakauondoa, isipokuwa Mama Koleta. Alianika wake upande wa mashariki kama kawaida, akasimama kando na reki yake ya kugeuzia. Mgambo walipokumbuka ni mke wa nani, waliamua kwamba hawajauona ule mpunga. Nyuma ya umati lilikuwa limesimama tingatinga la Wenye Nia Njema, limevikwa riboni.

Waziri alifika kwa gari moja, bila ving'ora, jambo tulilolichukulia kama dharau. Aliongea taratibu mno, hata watu wa nyuma wakawa wanaulizana kama ameshaanza. Alisema amekuja kujifunza, si kuamua. Kisha akamgeukia Egidi, aliyekuwa ndani ya shati lake la majivu, akamuuliza kama kweli kamati yake iliukubali mradi huu bila kushurutishwa na mtu.

Egidi aliisikia sauti ile laini akashtuka kwa furaha. Huyu ni fundi kuliko Ngwilizo, aliwaza. Huyu ananichimbia shimo taratibu. Basi akaamua kumsaidia kuchimba. Alisema mradi huu ndio ukombozi wa Lukwamba, kwamba mpunga umewapotezea watu muda na eneo. Umati ukashangilia. Kila mtu pale aliujua mchezo, na kila mtu alitaka kuongeza kuni ili waziri achemke haraka.

Waziri akauliza kuhusu akina mama wanaoanika hapo. Egidi akasema watazoea. Akasema mpunga waweza kuanikwa hata juu ya mapaa, na akina mama wa Lukwamba ni wepesi wa kupanda. Akina mama wenyewe ndio waliopiga vigelegele vikali kuliko wote, huku wakikonyezana. Bado kidogo, walinong'onezana, bado kidogo atengue. Mzee wa mashine ya kukoboa alitupa kofia hewani. Egidi, akinogewa, akapendekeza ghorofa ziongezwe ziwe tisa.

Mheshimiwa Lwandala akatoa leso akajifuta macho. Alisema ameambiwa na wenzake kwamba wananchi hawajui wanachokitaka, na leo ameona kwa macho yake kwamba si kweli. Hajapata kuona kamati na watu wake wakiwa na kauli moja kiasi hiki. Tukashika pumzi.

"Uamuzi wenu nauheshimu," alisema. "Sitaugusa."

Tulipiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Kisha makofi yakapungua, kwanza mbele, halafu katikati, mpaka akabaki mtu mmoja nyuma kabisa ambaye hakuwa amesikia vizuri, naye alipoelezwa akaacha. Tingatinga likawashwa. Egidi bado alimtazama waziri machoni akisubiri ngurumo ianze.

Mama Koleta ndiye aliyetembea kwenda mbele. Alipita kati ya watu, reki mkononi, akasimama chini ya jukwaa, akasema wao wanaoanika hapo hawautaki mradi huo na hawajawahi kuutaka.

Waziri alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha, na alionekana kuumia kweli. Akamwambia kwamba angekuwa waziri aliyepita angetengua sasa hivi, lakini yeye ameapa kutoingilia. Wananchi wana mwakilishi wao, na mwakilishi ndiye mwenye neno. Akamuuliza mwakilishi wake ni nani. Mama Koleta akaonyesha kwa reki.

"Basi una bahati, mama, yuko hapahapa," waziri akasema. "Mweleze yeye. Akisema wamebadili mawazo, wamebadili, na hilo nalo nitaliheshimu."

Akamwomba dereva wa tingatinga azime kwanza. Halafu akashuka jukwaani, akaenda kukaa ndani ya gari lake na kupandisha vioo, asije akaonekana anamshawishi mtu.

Bwana Sudi alikuwa amefungua kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe uso wake ulionekana unaomba. Akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele walishikana mikono. Mama Koleta alimtazama mumewe pale juu, ndani ya lile shati.

"Mheshimiwa," alisema. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwita hivyo. "Mheshimiwa, tunaomba uwanja wetu."

Neno moja tu lilitakiwa, na Egidi alilijua. Alilitaka kwa moyo wake wote. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka moto. Neno lilipanda likafika kwenye meno. Lakini alikuwa ameshazoea kwamba akishasema lake la uongo, nyuma yake hutoka sauti kubwa ya mtu mwingine iliyokasirika kwa niaba yake na kunyoosha kila kitu, na sasa aliisubiri sauti hiyo bila kutaka. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na kiti kitupu cha waziri, chenye kitambaa cha kufuma. Umati wote ulikuwa unamngoja, naye hakuwahi maishani kungojwa atoe neno la mwisho. Alikohoa, akasogeza kipaza sauti, na ile sauti yake nzuri ya kusomea taarifa ikatoka yenyewe.

"Suala lako limepokelewa, mama. Tutalifikisha wizarani."

Bwana Sudi akaandika. Mama Koleta hakukasirika, wala hakulia. Alimtazama Egidi kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona. Kisha akarudi upande wa mashariki, akakunja khanga kiunoni, akaanza kuujaza mpunga wake kwenye magunia, ingawa ulikuwa bado haujakauka.